Nilifuta Sauti ya Mama Mdogo, Nikabaki na Mkwaruzo

Sitaki pole ya mtu. Nimekosa mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai pembeni. Hata shetani siwezi kumsingizia. Angekuwepo siku ile, nadhani angeniuliza, hivi wewe una nini?

Naishi Gongo la Mboto, njia ya kwenda Pugu. Mchana ni karani kwenye bohari la saruji. Nikirudi navua shati la kazi, nageuka prodyuza. Studio yangu ni chumba cha pili cha nyumba ya kupanga: ukutani nimepigilia trei za mayai na godoro kuukuu, mezani kuna kompyuta, maiki moja nzuri na spika mbili. Nimerekodi kwaya, nimerekodi singeli, nimerekodi hata tangazo la dawa ya kunguni. Wote waliondoka wameridhika. Asiyeridhika nilikuwa mimi.

Ugonjwa wangu ni plagini. Kwa asiyejua, ni vile vijiprogramu unavyobandika ndani ya programu ya kurekodia ili kupamba sauti. Viko vya kila aina, ila vilivyonimaliza mimi ni vile vinavyoiga mashine za zamani: mashine za kanda, mixer za enzi hizo za kuchanganyia sauti, amplifaya za taa, zile za vioo vinavyowaka ndani. Eti sauti zake zilikuwa na joto, yaani uzito na ulaini fulani. Joto! Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, umeme umekatika feni imelala, jasho linadondokea kibodi, halafu mtu mzima nimekaa natafuta joto.

Nilikuwa nazo mia na ushee. Kuna mashine moja tu ambayo nilikuwa na waigaji wake watano, na mashine yenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Sijui hata inanukaje. Nilichokuwa nakijua ni picha yake kwenye kioo cha kompyuta, ina sindano inayochezacheza na taa ya njano. Sindano ikicheza, na mimi roho inatulia.

Siku moja nilizungusha kitufe cha mojawapo kwa nusu saa nzima, natikisa kichwa peke yangu, nasema hapo sasa, hapo imekaa. Kuja kuangalia vizuri, plagini yenyewe nilikuwa sijaiwasha. Mwenye akili angeacha siku hiyo hiyo. Mimi nikashusha nyingine, kwa hoja kwamba ile ya kwanza ilikuwa dhaifu.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenipokea nilipotoka Songea na begi moja. Nililala sebuleni kwake miaka mitatu, na hakuna siku aliyoniuliza nitaondoka lini. Kanisani kwetu ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za kwaya. Alikuwa na sauti nyembamba, iliyonyooka, isiyo na mbwembwe. Akianza, hata watoto waliokuwa wanalia wananyamaza kumtazama.

Shingoni alikuwa na tezi iliyokuwa inakua taratibu. Madaktari wakasema ikatwe. Wakamtahadharisha pia kwamba baada ya hapo sauti inaweza kurudi kama ilivyokuwa, na inaweza isirudi. Hakulalamika. Jumamosi moja asubuhi, siku mbili kabla ya kulazwa, alikuja kwangu na mtandio shingoni, akasema anataka niurekodi wimbo wake mmoja, ule alioutunga mwenyewe tulipomzika bibi. Alitaka sauti yake ibaki mahali, Mungu akiamua vingine.

Aliimba mara moja tu, bila kinanda, bila ngoma. Ubeti wa pili jogoo wa jirani akawika, naye akaendelea bila hata kupepesa macho. Nilipomvalisha hedifoni ajisikilize, alisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mie hiyo hiyo," akasema. "Usiiongeze kitu, mwanangu."

Nikamwambia sawa mama. Neno hilo nililisema kwa moyo mmoja kabisa, na nililiamini kwa muda wa siku moja.

Kesho yake mchana akaja braza mmoja, prodyuza mwenzangu wa Kawe. Huyu ni mtu anayesikiliza kazi za watu amefumba macho, kama anaonja mchuzi wa msibani. Nikampigia wimbo wa Mama Mdogo. Akasema ni safi sana, tatizo ni usafi wenyewe: inasikika ya kidijitali, haina joto, haina roho. Mama ameimwaga roho yake yote pale, lakini roho haipo mpaka braza aisikie! Akachomoa flashi mfukoni, ina vijiprogramu vipya vya mashine za kanda. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilitembea kutoka Kawe mpaka Gongo la Mboto, na mimi nikakikaribisha kwa soda.

Mama Mdogo akalazwa Jumatatu. Wiki ile ndugu wote walikuwa wanapishana wodini na chupa za uji. Na mimi sikukaa bure, nilikuwa napika joto. Kwanza nikamfuta jogoo. Kisha nikaweka mashine ya kanda, na kanda si kanda bila ule mvumo wake, nikaongeza mvumo. Nikaongeza mkwaruzo. Nikaweka kule kuyumba, yaani sauti inalegea kidogo halafu inajivuta, kama kanda iliyochoka. Juu yake nikabandika mixer ya kizamani, juu ya mixer amplifaya ya taa. Nilitoa kelele niliyopewa bure na jirani, nikaweka kelele ya kuhangaikia.

Nikasikiliza, nikajipongeza kwa sauti. Peke yangu chumbani, najiambia ya kale dhahabu.

Alhamisi kompyuta ikagoma. Imejaa, haina nafasi, na kwenye ile flashi kulikuwa bado na mzigo mmoja mkubwa sijauingiza. Nikaanza kutafuta cha kupunguza. Plagini mia na ushee zimekaa zinanitazama, sikugusa hata moja. Nikalikuta faili limeandikwa MAMA MDOGO GHAFI. Nikajiuliza, ghafi ya nini tena na iliyopikwa ninayo? Nikalifuta. Nikaenda na kwenye pipa la taka la kompyuta, nikalimwaga kabisa, nisije nikasumbuliwa tena na swali la nafasi. Nakala nyingine sikuwa nayo popote.

Sekunde mbili, jamani. Kazi yote ile ilichukua sekunde mbili.

Upasuaji ulikwenda salama, tukamshukuru Mungu. Sauti ndiyo iliyobaki huko. Alitoka anakwaruza, anaongea chini kama mtu mwenye mafua. Tukaambiwa tusubiri, kamba za sauti hupona polepole. Tukasubiri mwezi, tukasubiri mitano. Haikurudi. Mwenyewe aliipokea kimya kimya, na kila aliyemwonea huruma alimjibu kwamba si alisharekodi kwa mwanawe.

Jumapili moja baada ya ibada wakaniita nyumbani kwao niupige huo wimbo. Mimi kila wakiulizia nilikuwa nawaambia naumalizia. Alikuwepo Baba Mdogo, mumewe, mzee aliyetengeneza redio kaseti pale Buguruni mpaka kaseti zenyewe zikaisha mjini. Nikampa shikamoo, nikachomeka simu yangu kwenye redio yake kubwa, nikabonyeza, nikaegemea kiti kama bwana harusi.

Haikupita nusu dakika Baba Mdogo akanyanyuka. Akachomoa waya, akapuliza tundu, akachomeka tena. Akaanza upya. Safari hii akainamisha sikio kwenye spika, akasikiliza uso umekunjamana, akamwambia mkewe kwa upole kwamba kanda ya huyu mtoto imeliwa.

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hapana baba, hakuna kanda, ule mvumo nimeuweka kwa makusudi, ndio ufundi wenyewe sasa hivi, unaitwa joto. Nilieleza vizuri sana, na mikono nilitumia. Mzee aliniacha mpaka nikamaliza.

"Miaka thelathini nimekaa Buguruni nasafisha hedi zinazosoma kanda kwa spiriti na pamba, ili watu wasisikie huo mkwaruzo," akasema. "Wewe umeutafuta, umeupata, ukamwekea mama yako?"

Mzee alihangaika maisha yake yote kuukimbia ule uchafu, mimi naukimbilia kwa furaha, tena naita maendeleo.

Mama Mdogo ndiye aliyeniokoa kwenye aibu ile, au alidhani ananiokoa. Akasema kwa ile sauti yake ya sasa kwamba nisijali, vijana wana mambo yao. "Nipe basi ile ya mwanzo. Ile yenye jogoo."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikasema umeme ulikatika ghafla, kompyuta ikaungua, ile ya mwanzo ikapotea. Uongo mzuri, maana nani hapa mjini atakataa kwamba umeme ulikatika? Mama Mdogo akatazama mikono yake. Kisha akanipa pole. Mimi! Akanipa pole ya kompyuta iliyoungua, akaniuliza kama nimepata nyingine. Akaniwekea na wali wa kwenda nao.

Nilikula ule wali. Nataka mjue na hilo.

Mngedhani imeishia hapo. Wimbo, kwa ubaya wake wote, ulisambaa kwenye simu za wanakwaya, kwa kuwa ndio pekee uliopo. Aliyepewa nafasi ya kuanzisha ni binti mmoja mwalimu wa chekechea, ana sauti nzuri na bidii ya kupitiliza. Mama Mdogo hawezi kumwimbia ashike, kwa hiyo akamwambia ajifunze kwenye rekodi. Na amejifunza kweli. Mwezi uliopita aliuimba kwa mara ya kwanza kanisani, mimi nimekaa benchi moja na Mama Mdogo. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza, sauti yake ikalegea kidogo, halafu ikajivuta.

Nikadhani ameteleza. Mstari wa pili, tena. Wa tatu, tena, palepale ilipoyumba ile kanda yangu ya kuigiza. Mtoto wa watu ameshika mpaka ubovu, ameufanyia mazoezi nyumbani wiki nzima, akijua ndivyo mama alivyokuwa anaimba. Nyuma yetu kina mama wanatikisa vichwa, mmoja anamwambia mwenzake kwamba kamshika mama yule yule, hajaacha kitu.

Ninyi mnaoshusha kijiprogramu cha mia na moja, mnaoambiana kwenye magrupu kwamba bado haina joto, endeleeni tu, mimi si polisi. Lakini mtu akija kukuachia sauti yake, iweke kama alivyokupa, sehemu mbili, sehemu tatu, kabla hujagusa hata kitufe kimoja. Ukikosa nafasi, futa mashine zako, usifute watu. Na ukishafuta, sema ukweli siku hiyo hiyo, maana uongo ukishaimbwa na kwaya nzima utaanzia wapi kuusahihisha?

Mimi nilipata nafasi ya pili ya kusema ukweli, pale pale kwenye benchi. Mama Mdogo aliniinamia sikioni, uso wake ukiwa na wasiwasi wa mtu anayejisahau, akaniuliza kwa kunong'ona, "Hivi mie nilikuwaga naimba hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, mama.