Jina la Mtoto wa Pili

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika chini ya jengo letu pale Al Sadd, Doha, dada Damaris huchuchumaa mlangoni, humfunga mwanawe mdogo kamba za viatu na kumwita, "Ndirangu." Mtoto huitika. Kwa miaka sita alimwita hivyo kwa kunong'ona. Siku hizi hulitamka likasikika mpaka kwenye lifti.

Damaris ni binti wa mama mkubwa, muuguzi wa hospitali moja Al Wakrah, nami hukaa kwake katika chumba cha nyuma. Mumewe, Bradley, ni mhandisi kutoka Uskoti. Kwetu Othaya, mwana wa kwanza huchukua jina la babu wa upande wa baba, na wa pili jina la babu wa upande wa mama. Wa kwanza wao akaitwa Arnold, kama babake Bradley, bila mjadala. Wa pili alipozaliwa, Damaris akasema, "Huyu ni Ndirangu."

"Mpenzi, nani ataweza kulitamka? Watamtania shuleni," Bradley akasema, akacheka. Wakamwandikisha Marvin, jina lisilo la mtu yeyote, kwao wala kwetu.

Mzee Ndirangu, babake Damaris, hakulalamika. Akipiga simu alikuwa akiuliza, "Arnold hajambo? Na yule mdogo?" Jina Marvin hakuwahi kulitamka. Simu ikikatika, Damaris alikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Julai iliyopita Bradley alitupeleka sote Uskoti kuwatafuta mababu zake. Tulizunguka makaburini kwenye mvua, yeye akipapasa majina kwenye mawe, watoto wakilia kwa baridi. Katika kanisa la kijiji kimoja, bibi anayetunza makaburi akatuonyesha mstari mzima wa makaburi ya ukoo wa Bradley, majina yaleyale yakijirudia.

"Zamani ndivyo walivyofanya hapa," akaeleza. "Mwana wa kwanza, jina la babu upande wa baba. Wa pili, la babu upande wa mama."

Bradley alivua miwani, akapangusa macho. "Jambo zuri namna hii! Tulilipotezaje?"

"Mama," Damaris akamwambia yule bibi kwa upole uliotutisha, "hebu rudia hapo pa mwana wa pili. Huyu hasikii vizuri."

Bibi akarudia. Bradley akawa mwekundu mpaka masikioni.

Ndani ya gari ndipo Damaris alipolipuka. "Miaka sita, Bradley! Nilikuambia kwa mdomo wangu, mshono haujakauka tumboni, ukacheka. Leo jiwe limekuambia, unalia!"

"Sikuelewa, Damaris."

"Ulielewa! Ya kwenu ni urithi, ya kwetu ni ya kutaniwa shuleni?"

Arnold akauliza kama bado tutakula chipsi.

Tuliporudi Doha, Bradley mwenyewe ndiye aliyehangaika na ofisi mpaka jina likabadilishwa. Mzee alipopiga simu, Damaris akampa mtoto. "Mwambie wewe ni nani."

"Ndirangu."

Kisha tukasikia mzee akisema, "Hujambo, wajina?" Damaris akajifunika uso kwa leso. Nilidhani yameisha.

Ijumaa iliyopita tulialikwa chakula mtaa wa The Pearl, kwa wenzake Bradley kazini. Mwenye nyumba akauliza jina hilo la mtoto limetoka wapi. Bradley akamwekea mwanawe mkono begani.

"Ni desturi ya zamani ya Uskoti," akasema. "Niliigundua kwenye makaburi ya kwetu."

Meza nzima ikasema vizuri sana. Damaris akaweka uma chini, na hakuushika tena.

Tulipofika nyumbani akaelekea jikoni moja kwa moja. Nilisimama mlangoni nikimtazama akisugua sufuria iliyong'aa kama kioo, kwa nguvu, mabega yakipanda na kushuka. Mwishowe nikamuuliza, "Lakini dada, jina si umelipata?"

"Nimelipata," akasema. "Ila nilipoomba mimi, alikataa."