Mkoba wa Mkurugenzi

Wiki iliyopita nilipanga foleni ya ukaguzi kwenye hoteli moja ya West Bay, huku ughaibuni, palipokuwa na mkutano wa wanyamapori. Mlinzi wa mlangoni alikuwa Mtanga mwenzangu. Msimamizi wake alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Mbele yangu alikuwa mama mwenye sare ya kijani, mkurugenzi mkuu wa shirika la hifadhi la kwetu.

"Shikamoo, mama. Naomba mkoba."

Msaidizi wa mama akadakia, "Wewe, humjui huyu? Huyu hapekuliwi!"

Mlinzi akamtupia msimamizi jicho. Akimpitisha, kazi hana. Akimpekua, amemvunjia heshima mkubwa wa kwao.

"Marahaba. Pekua, mwanangu," mama akasema, akiuweka mkoba mezani. "Mimi nilianzia geti la hifadhi. Wiki ya kwanza tu nilifungua buti ya gari la mkuu wa mkoa."

"Ukakuta nini, mama?" mlinzi akauliza huku akipekua.

"Mbuzi wa sikukuu. Mkuu alininunia mwaka mzima." Kisha akaugonga mkoba kwa kidole. "Na mfuko wa pembeni umeuruka. Wenye nyara huficha hapo."

Mlinzi akaufungua, akatoa tasbihi na pakiti ya biskuti. Msimamizi akaitikia kwa kichwa, mama akapita.

Wasifu wa wakubwa huanza na shahada zao. Wa mama huyu ningeuanzia kwa yule mbuzi. Msaidizi wake naye, bila kuombwa, alikuwa ameshafungua zipu zote za begi lake.