Maziko ya Bibi Orpha Akiwa Mzima

Darlene Kvamme hakuwa mwalimu, na majirani walimkumbusha hilo kwa upole, maana kule Minnesota, Marekani, hata kusengenya hufanywa kwa upole. Alikuwa mke wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwanamke wa maneno mengi na subira ya kuazima. Alikuwa amemtoa bintiye Inga shuleni kwa kuwa mtoto akiambiwa asome mbele ya wenzake alitetemeka mpaka machozi. Kumfundishia nyumbani kulikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba shule ile ndiyo aliyofundishia mama mkwe wake, Bibi Orpha, tangu usichana hadi kustaafu, na Orpha, aliyewahi kujaribu kumsomesha mjukuu mwenyewe bila mafanikio, alilipokea jambo lile kama kofi la usoni.

"Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia mwanawe, na mwana, aliyemwogopa mamaye kuliko radi, akakubali: theluji ikianza kuyeyuka, bibi atakuja kumpima mjukuu. Akishindwa kusoma, anarudi shule.

Darlene alijaribu vitabu vyote vya heshima, vya sungura wema na watoto wanaosali. Inga alivitazama kama dawa ya minyoo. Kisha wakaokota maktabani mfululizo wa vitabu kuhusu pacha wawili wa mchimba makaburi, na kila kitabu kilianza na maziko ya shangazi yao mmoja. Mmoja alimezwa na sofa. Mwingine alipiga chafya akiwa juu ya paa. Mtoto alicheka mpaka akaporomoka kitini, halafu akauliza, "Mama, 'marehemu' ni nini?"

Darlene hakungoja aulizwe mara ya pili. Akawafanya mashangazi wale kuwa masomo: jiografia ni kule walikofia, sayansi ni kilichowaua, na insha ni tangazo la kifo. Alijua fika kwamba akina mama wa kanisani wakisikia wangemfanyia maombi ya pamoja.

Inga hakuwa na shangazi, basi kwa insha yake akamtumia bibi. Darlene akacheka, akaibandika kwenye friji, akaisahau. Mtu mzima, na akili zake!

Siku ya mtihani asubuhi, jirani yao Marvel alikuja kurudisha chombo cha kuokea keki. Darlene na Inga walikuwa zizini. Marvel akaingia jikoni, akasoma mstari wa kwanza pale kwenye friji: "Bibi Orpha Kvamme amefariki." Mtu wa kwingine angepiga yowe, angeuliza lini na wapi. Si Marvel. Kwa watu wa kule, kumhoji mfiwa ni kukosa adabu. Unachofanya ni kupika. Akatoka kwa kunyata, akawapigia simu wenzake, na oveni zote za jirani zikajaa nyama ya kusaga na viazi vilivyozamishwa katika supu ya uyoga ya kopo. Kila bakuli lilibandikwa jina la mwenyewe chini, maana msiba ni msiba na bakuli ni bakuli.

Mchana Darlene alifungua mlango, akawakuta Marvel na wenzake wamejipanga barazani na mabakuli yao.

"Pole sana, mwenzangu," Marvel akasema.

"Pole ya nini tena?"

"Usijikaze. Kula kwanza, utalia baadaye."

Hapo gari la Orpha likaingia uani. Bakuli moja likaanguka.

"Nani kafa?" Orpha akauliza. Wote wakatazama viatu vyao. "Marvel, nasema na wewe! Umemeza ulimi?"

"Ni... ni wewe, Orpha. Imeandikwa kwenye friji."

"Mimi? Na hivyo ndivyo viazi vyangu? Havina hata chumvi, naona kutoka hapa."

Akafululiza hadi jikoni, wote nyuma yake, akaibandua ile karatasi. "Nani kaandika huu upuuzi?"

"Mimi, Bibi," Inga akasema.

"Basi soma. Ndio mtihani wenyewe."

Darlene akamsogelea bintiye. Mbele ya watu wote wale! Inga akashika karatasi, kidole kikifuata maneno.

"Bibi Orpha Kvamme amefariki. Alimezwa na sanduku la chaki. Alifundisha watu wote wa hapa kusoma, isipokuwa mjukuu wake. Marehemu alikuwa akipumua kwa nguvu mjukuu akikosea, na herufi zote zilikimbia."

Marvel, aliyefundishwa na Orpha utotoni, akajikuta anaitikia kwa kichwa.

Orpha akavuta kiti, akakaa. Uso ulikuwa umemshuka. "Nilikuwa napumua hivyo kweli?"

"Ndiyo, Bibi. Kama ng'ombe anayezaa."

Mtu mmoja alicheka mlangoni, akajiziba mdomo. Orpha hakucheka. Alimvuta mtoto karibu naye.

"Soma tena. Safari hii nabana pumzi."

"Ukifa je?"

"Tangazo si lipo?"

Inga akaanza upya, haraka kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa bibi alikuwa ameanza kuwa mwekundu kweli.