Ukuta wa Mji Ulipofika Uani kwa Mwinyi Haji

Wenzangu wa misafara hunisifu kwa ujasiri, nami huwaacha wanisifu, maana hawakuwapo Kaole Ijumaa ile nilipomvua mzee wa watu ukuta mchana kweupe.

Nilikuwa nimerudi kutoka bara, umri umeshapita arobaini, nimechoka kutangatanga (kuchoka kwangu hudumu mpaka ngoma ya msafara mwingine ilie), nikapeleka posa kwa Zuhura, mjane, binti Mwinyi Haji. Baba yake hakukataa. Alisema tu, "Huyu ni mgeni kila mahali, hata hapa alipozaliwa. Nitajibu leo baada ya sala."

Asubuhi hiyo hiyo akaja barazani Mzungu mmoja mpenda magofu, anauliza nani anajua ulikopita ukuta uliokuwa ukiulinda mji wa kale. Mwinyi Haji alikuwa pale anakunywa kahawa, nami nikaona nafasi ndiyo hii, nikasema, "Mimi. Mimi mwenyeji." Mzee akanitazama, akamaliza kahawa yake, akaenda nyumbani.

Tukachimba kichakani, na kwa bahati (mbaya, sasa najua) tukaupata kweli, ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa ngumu kama mfupa. Watu wakajaa. Kichwa kikanivimba, nikaufuata ule mstari mpaka mbele yetu ukasimama ukuta mwingine, mawe yale yale, umefunikwa na majani ya maboga, nikawaambia wachimbaji, "Unaendelea hapa. Chimbeni chini tuone msingi." Nilisahau kwamba pwani yetu kila anayetaka jiwe la kujengea hulifuata magofuni, na sikutazama kwamba huu ulishikwa kwa udongo mtupu.

Jembe la pili tu, ukuta ukalala taratibu kama mtu mwenye usingizi. Nyuma yake, uani kwake, alisimama Mwinyi Haji, povu kichwani, kata ya maji mkononi, kanzu yake ya sala iko chini ya mawe.

Nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, maana adabu ni adabu. "Ukitaka kuingia kwangu, mlango uko upande wa pili."

Nikavua kanzu yangu nikampa, nikabaki na msuli mbele ya mji mzima. Mzungu akauliza ukuta ule una umri gani.

"Nimeujenga masika iliyopita," akasema mzee.

Baada ya sala akatoa jibu: nijenge ukuta kwanza, mengine baadaye. Nikajenga, ukaanguka, nikajenga tena, msafara ukaondoka bila mimi. Zuhura akiniletea uji alikuwa akisema, "Polepole, bwana, usije ukatuchimbulia mji mwingine."

Siku hizi mgeni akiniuliza habari za kuta za kale, namwambia mimi si mwenyeji hapa, aulize mbele. Kisha naingia uani kuoga, nyuma ya ukuta ule ule, na huwa siuegemei.