Filamu za Mama Rudia

Wanafunzi walimwita mwalimu wao wa Kifaransa Mama Rudia. Alijua, na jina hilo wala halikumkera. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Alilipata kwa mdomo wake mwenyewe, kila aliporekodi filamu za Kifaransa na kidato cha tatu. Mwanafunzi angesema sentensi yake, angeteleza kidogo tu, na sauti kutoka nyuma ya simu ingesema, "Rudia." Angerudia. "Rudia tena, mwanangu, ulikuwa umeshafika."

Simu yenyewe aliiegemeza kwenye rundo la atlasi na kuifunga kwa mpira wa nywele isianguke. Ukutani alitundika shuka la bluu kutoka kitandani kwake. Madirisha yalifungwa, feni ikazimwa isivume, mlinzi akaombwa asifagie ua kwanza. Watoto walilowa jasho, lakini sauti ilitoka safi. Jioni alikaa mezani nyumbani akiunganisha vipande, sentensi hii kutoka jaribio la mwanzo, ile kutoka jaribio la mwisho, mpaka mazungumzo yatiririke kana kwamba wasemaji walizaliwa nayo.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyeishi naye, alikuwa akimchungulia begani.

"Mdogo wangu, wewe hata maiti ungemwambia arudie kufa, safari hii kwa matamshi mazuri."

"Cheka tu, dada. Wewe hujawahi kuchekwa."

Yeye aliwahi. Mwaka wa kwanza chuoni alisimama kujieleza kwa Kifaransa mbele ya darasa, na mhadhiri akaigiza matamshi yake, neno kwa neno, huku ukumbi mzima ukivunjika mbavu. Alikaa muda mrefu bila kufungua mdomo katika somo lile. Alipopata kazi ya ualimu aliapa kwamba hakuna mtoto atakayechekwa mikononi mwake. Filamu zilimpa njia. Kosa lilifutwa kwa kidole kabla halijafika kwenye sikio la mtu.

Katika miaka yote ile hakupata mwanafunzi kama Chiriku. Binti huyo, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma, mdomo wake haukuwa na breki. Alipiga soga na mpishi, na walinzi, na mkuu wa shule mwenyewe. Kifaransa nacho alikidaka upesi. Siku za mwanzo alikimwaga ovyo, makosa mbele na nyuma, akicheka mwenyewe kabla ya wenzake. Mwalimu alimwona kama almasi yenye vumbi. Akaanza kumpangusa.

Filamu ya mwisho ya darasa lile ilikuwa "Kwa Daktari". Chiriku alikuwa daktari, amevaa koti jeupe la maabara lililomfika magotini. Ilipoonyeshwa siku ya wazazi, ukumbi ulitulia tuli. Baba yake alikaa mstari wa mbele na mikono yake yenye makovu ya cheche, akamuuliza jirani yake, "Huyo ni wangu kweli?"

Filamu ikasambazwa kwenye simu za watu, ikafika mpaka kwenye chuo kimoja cha utalii kilichokuwa kikitafuta vijana wanaozungumza Kifaransa, kiwasomeshe bure na kuwapa kazi. Chiriku akaitwa kwenye usaili. Kwa mtoto wa fundi yule hapakuwa na mlango mwingine. Baba alimnunulia viatu vyeusi vya kufunika. Mwalimu akajitolea kumsindikiza.

Alimngoja kwenye benchi la korido. Juu ya mlango palikuwa na kidirisha kilichoachwa wazi, na sauti zilipita zote. Mwanamke mmoja alimkaribisha Chiriku kwa Kifaransa, kwa upole, kisha akamuuliza: leo umekujaje hapa?

Mwalimu akatabasamu. Hilo ni swali la mtoto mdogo.

Chiriku akaanza. Neno la pili likamteleza. Akanyamaza, akarudi mwanzo wa sentensi. Safari hii alivuka lile neno, akajikwaa mbele yake. Akarudi mwanzo. "Samahani," akasema kwa Kiswahili, "naanza tena." Akaanza tena. Ilikuwa kama injini inayokataa kuwaka. Yule mwanamke alimwambia aendelee tu, wameelewa, aendelee. Lakini Chiriku alikuwa ameshasahau kuendelea. Kwa mwalimu wake hakuna aliyepita juu ya kosa akasonga mbele. Kila mara alirudishwa palepale, sentensi moja moja, na daraja la kutoka sentensi hadi sentensi lilijengwa usiku, mezani, na mtu mwingine.

Huko nje mwalimu alikuwa amekunja ngumi mapajani. Na kilichomtafuna miaka yote baadaye si kwamba alisikia. Ni kwamba moyoni mwake, pale benchini, alijikuta anasema: rudia, mwanangu, utapata.

Binti alitoka mapema mno. Uso mkavu.

"Nilikosea wapi, Mwalimu?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa mara nyingi, na jibu lilitoka lenyewe, kwa mazoea. Akamtajia makosa yake, moja baada ya jingine, huku wakishuka ngazi. Chiriku aliitikia kwa kichwa kila kosa.

Jibu la chuo lilikuja, na lilikuwa kama walivyojua. Chiriku alimaliza shule. Kwenye mtihani wa kuandika Kifaransa alifaulu vizuri, ila hakuna aliyemsikia tena akikitamka. Mama yake mdogo akamchukua akauze kwenye duka lake la viatu.

Mwalimu akabadili mtindo. Sasa filamu zilirekodiwa mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, madirisha wazi, fagio la mlinzi likisikika. Wanafunzi walisema "aaa" na "eee", walisahau, walinongonezana, walicheka, wakaendelea. Mkuu wa shule hakufurahi. "Mwalimu, hizi nitamwonyesha nani? Zile za zamani zilikuwa kama za televisheni!"

"Ndiyo ubaya wake, mkuu," alijibu, naye mkuu akadhani ni mzaha.

Darasa lile jipya lilisema. Lilisema vibaya, lakini lilisema. Kila alipowasikia alifurahi, kisha akamkumbuka Chiriku, ambaye mtindo huu ulichelewa kumfikia.

Siku moja alipiga moyo konde akaenda kwenye lile duka. Alitaka kumwomba Chiriku aje azungumze na wanafunzi, kwa Kifaransa, vyovyote kitakavyotoka.

"Mwalimu wangu! Karibu, keti! Mbona umekonda hivyo, au shemeji yangu, yule Atlasi wa kukushikia simu, hakupikii?" Alikuwa yuleyule, soga mtindo mmoja. Mwalimu alicheka mpaka akasahau alilojia.

Mara akaingia mama mmoja mgeni, akajaribu kiatu cha kwenye onyesho, akasema kwa Kifaransa kwamba kinambana, je, kuna namba kubwa zaidi?

Chiriku akamgeukia mwalimu. "Anasemaje?"

Mwalimu alifungua mdomo kutafsiri, akauona mkono. Mkono wa Chiriku ulikuwa umeshafika kwenye rafu ya juu, umeshika boksi la namba kubwa.

Hakutafsiri. Mgeni alijaribu, akaridhika, akalipa, akashukuru. Chiriku alimpa tabasamu pana bila neno, akamfungulia mlango.

"Ulielewa," mwalimu alisema. "Mkono wako ulitangulia."

Chiriku aliinama akapanga maboksi. "Mkono hauchekwi, Mwalimu."

Maneno hayo mwalimu angeweza kuyasema yeye mwenyewe, enzi za yule mhadhiri. Alikuwa amekimbia miaka yote ile ili yasisemwe na mtoto mwingine, na ndiye aliyeyafikisha hapa. Ombi alilokuja nalo likamfia mdomoni.

Badala yake alivua kiatu chake, akasema kwa Kifaransa, taratibu: nionyeshe vile vya kahawia.

Chiriku alimtazama kidogo. Akavileta.

"Hivi vya ngozi, vinadumu," akasema kwa Kiswahili.

Baba yako hajambo? akauliza mwalimu kwa Kifaransa.

"Hajambo, macho tu yanamsumbua. Moto ule."

Wewe je? Umeridhika hapa?

Chiriku alikuwa amepiga goti akimfunga kamba za kiatu. Alizikaza, akazilegeza, akazifunga upya.

"Vinakubana?" akauliza kwa Kiswahili.

Vilimbana. Mwalimu akasema vinamtosha, asije akamfanya arudie.