Haiwezi Kutoka Hapa Ikiwa Mugonjwa

Tulikaa benchi moja, mimi na papa, mzee aliyenifundisha kutengeneza jenereta, sote wawili wanafunzi. Ujana wangu niliumalizia kwenye karakana yake mtaani Kadutu. Sasa wateja walikuwa wamehamia paneli za jua, karakana zetu zimenyamaza, na parokia ikafungua mafunzo kwa mafundi wa aina yetu. Mwalimu alikuwa dada mwenye umri wa binti zake.

Siku ya kwanza papa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza paneli inazimwa namna gani.

"Haizimiki, Papa," dada akajibu. "Jua ikiwa iko, umeme iko. Ukitaka kuigusa, unaifunika."

Papa aliliandika jibu hilo. Njiani kurudi nyumbani akaniambia kwamba mashine isiyozimika haina adabu.

Mazoezi tuliyafanyia Luvungi, kwenye kituo cha afya. Kazi yetu ilikuwa kufunga paneli juu ya paa na kuondoa jenereta iliyokuwa nyuma ya chumba cha kuzalia. Papa aliifahamu jenereta ile. Alikuwa ameitengeneza mara nyingi kuliko alivyokwenda kuungama. Maman, muuguzi mkuu wa kituo, alisema imekufa tangu mvua zianze, na wanawake wanazaa kwa mwanga wa simu.

Dada akatuambia tukate nyaya. Papa akaomba aiangalie kwanza. Alifungua kabureta, akaiosha, akakwangua plagi, akavuta kamba. Ikawaka. Aliisikiliza huku ameinamisha kichwa, halafu akaizima.

"Haiwezi kutoka hapa ikiwa mugonjwa," akasema.

Dada alikuwa ameketi juu ya sanduku la betri, akingoja. Muuguzi ndiye aliyeuliza: ikiwa imepona, tunaiondolea nini? Dada akarudisha koleo mfukoni. Ikabaki.

Baada ya hapo papa alitutangulia kupanda paa, na boliti zake zilikazwa kuliko za wote. Jioni taa zikawaka ndani. Alisimama mlangoni muda mrefu. Nilimuuliza anaonaje. Akasema hasikii kitu.

Siku hizi tunafunga paneli pamoja, na kazi ipo. Hata hivyo kila juma anapiga simu Luvungi kuuliza kama kuna kilichoharibika. Muuguzi anamwambia hapana. Papa anashukuru, anakata simu, na kuzirudisha spana za jenereta kwenye mkoba.