Chuma au Kaboni kwa Mgongo wa Mama

Juzi nilikwenda hospitali hapa Kilosa kumwona jamaa yangu. Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja mkulima wa Mvumi, ambaye saratani ilikuwa imemla pingili za mgongo. Daktari bingwa alimweleza kwamba atapelekwa hospitali kubwa akawekewe vifaa vya kushikilia uti wa mgongo, na kwamba anaweza kuchagua vya chuma cha titani au vya nyuzi za kaboni.

"Vyote vitakushika, mama. Ila chuma huweka kivuli kwenye picha za vipimo, kaboni haiweki. Ukiwa na chuma, ugonjwa ukirudi tunaweza tusiuone mapema, na hata kupanga tiba ya mionzi kunakuwa kugumu."

Daktari alipotoka tu, mabingwa wenyewe wakaanza kazi.

"Chuma ni chuma," shemeji yake alisema, akigonga chuma cha kitanda kwa vidole ili tusikie. "Hiyo kaboni ni plastiki kama ndoo."

"Atabebaje kuni na plastiki mgongoni?" mwanawe mkubwa akadakia.

Mama hakuulizwa. Mgonjwa atajua nini kuhusu mgongo wake?

Akainua kiganja taratibu. "Shemeji, mnataka nibebe kuni au mnataka nipone? Mwiteni daktari. Nataka hicho kisichomzuia kuona."

Shemeji akakohoa, akatoka kwenda ukumbini walikosubiri ndugu. Nilimsikia akiwatangazia kwa sauti nzito: "Tumekaa kama familia, tumeamua kaboni."

Kwetu mgonjwa huachiwa maumivu peke yake. Maamuzi ni ya ukoo.